Kombeo la Tumbili

Nyani wa mlima wa ng'ambo walipoanza kurusha mawe bondeni, Tumbili aliwaambia wenzake, "Nipeni kombeo, nitayapiga hukohuko angani."

Kanga alikuwa na vifaranga saba. Alitaka kuwahamishia nyuma ya mwamba.

"Ukihama utatutia aibu, mama," Tumbili alimwambia. "Kaa utazame jaribio."

Siku ya jaribio, binamu yake Tumbili alipanda kichuguu, akapaza sauti, "Narusha!", kisha akarusha jiwe moja taratibu. Tumbili akalipasua. Wanyama wakapiga vigelegele.

"Na nyani nao watatuambia kabla hawajarusha?" Kanga aliuliza.

"Wewe atamia mayai, mambo ya vita tuachie sisi!" Tumbili alimjibu. Wote wakacheka. Kanga akaona haya, akabaki.

Nyani hawakusema neno. Walirusha mawe ishirini kwa pamoja, na katikati yake madonge ya udongo mkavu. Tumbili alilenga, akafyatua, akapiga donge. Vumbi likatanda. Wanyama wakashangilia, na mawe yakaanguka.

Vumbi lilipotulia, Tumbili alikuja mbio. "Mmeona nilivyolipasua? Nikipata kombeo kubwa zaidi..."

"Ulipasua udongo!" Kanga alifoka. Miguuni pake walilala vifaranga watano. "Wanangu wameuawa na mawe!"

Kisha akawageukia wengine, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho.

"Nanyi mlijua kushangilia. Haya, njooni mjue na kuzika."