Mwiko wa Karakana

Mashavu alipompelekea mumewe mwiko wa ugali karakanani, Fundi Shomari aliangua kicheko. "Nisonge ugali huku?"

"Usukumie mbao. Karibu na msumeno wa mashine, mkono ni mwiko," akajibu, akaenda zake.

Leo Shomari alikuwa akipasua ubao, ubavu wa ubao umelala sawa kwenye chuma cha kuuongoza. Mwishoni mkono ukatangulia kwa mazoea. Akakumbuka, akaurudisha, akashika mwiko. Ubao ukaruka, msumeno ukala ncha ya mwiko.

Alizima mashine, akavitazama vidole vyake kama vya kuazima.

Jioni Mashavu alileta ugali, beseni na birika la maji ya kunawa. Shomari akalipokea birika.

"Leo nakunawisha mimi, mke wangu."

"Kuna nini?"

Shomari aliinamisha birika. Alimmiminia maji polepole, mpaka beseni likafurika.