Matundu Kwenye Boksi la Tende

Haroub aliliinamia boksi la tende alilolipiga shabaha. Risasi zote zilikuwa zimeingia, lakini hakuna tundu la duara. Matundu yalikuwa marefu, kama ya vifungo vya kanzu.

Akayapitishia kidole. Risasi zilikuwa zinafika kwa ubavu. Hizi mpya alizoletewa ni ndefu na nzito, na mifereji ya ndani ya mtutu wa bunduki yake haikusokotwa vya kutosha kuzizungusha ziende zimenyooka. Zilitaka mtutu wenye msokoto mkali zaidi. Hayo tu.

Na wiki nzima hoteli ya Mbweni, iliyompa kazi ya kuwaua kunguru wanaonyang'anya wageni chakula, inasema mzee haoni tena, kwa kuwa anawajeruhi tu, hawafi.

Ilikuwa afurahi. Alichokihisi ni uchovu wa kazi hii ya kuua.

Meneja akamjia na simu mkononi. "Mzee Haroub, nimjibu nini mwenye hoteli? Ni bunduki au ni macho? Kama bunduki, mtutu mwengine tunaagiza leo leo."

Juu ya paa, kunguru mmoja alikuwa akichupachupa, ubawa umening'inia.

Haroub akalikunja boksi, matundu kwa ndani.

"Macho, mwanangu," akasema. "Yamekwisha."