Pimbi na Teke la Nyati

Pimbi alikuwa na kinyongo. Utotoni Nyati alimpiga teke, akabiringika hadi shimoni, akavunjika jino. Tangu hapo, kila walipokutana mtoni alimgeuzia mgongo.

Siku moja Kanga alimsikia akilalamika.

"Mwenzangu, siku ile nilikuwa juu ya mti," Kanga akamwambia. "Tai alikuwa ameshakunjua makucha juu ya kichwa chako!"

Pimbi akakumbuka kivuli kikubwa na upepo wa mbawa, mambo yaliyokuwa yamefunikwa na maumivu ya jino. Akamkimbilia Nyati.

"Mzee wangu, ahsante kwa lile teke!"

"Teke gani?" Nyati akashangaa. Alikuwa ameshasahau.

Basi Pimbi akaketi karibu naye, akamsimulia yote.