Mlio wa Pikipiki ya Mbwana

"Petroli nzuri imekwisha, kaka. Imebaki ya kawaida," alisema muuza mafuta.

Kombo akajaza hiyohiyo. Marehemu kaka yake, Mbwana, angeisukuma pikipiki hii hadi kituo kingine kuliko kuitia mafuta hayo.

Kwenye mlima wa kwao injini ikaanza kugonga kwa mafuta yale, kama kokoto ndani ya debe. Akapunguza mwendo, wapi!

Tangu wamzike Mbwana, kila Ijumaa Kombo akija nayo, mama yao, asiyeona, huusikia mlio wake kutoka mbali, akafungua geti akitabasamu. Leo geti lilikuwa limefungwa.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama. Nimekuja na pikipiki ya Mbwana."

"Hapana, mwanangu. Ya Mbwana naijua."

Kombo akazima injini. Nyuma ya geti alisikia vidole vya mama vikipapasa komeo, kisha vikaacha.