Jalada la Wachumba

Jalada lilipofika mezani kwangu, nilidhani ni lile la bei za mahindi ya soko la Kibaigwa.

Ofisi nzima tulikuwa na anwani moja ya barua pepe, na ndiyo niliyowapa wale wa mtandao wa wachumba. Nilisahau kwamba masjala huchapisha kila kinachoingia na kukipeleka kwa mkurugenzi.

Ndani mlikuwa na barua pepe yao, imechapishwa: "Evarista, wanaume watano makini wamekupenda. Lipia uone majina yao."

Muhuri wa "Imepokelewa" ulikuwa umegongwa juu ya picha yangu, wino wa zambarau ukifunika jicho moja.

Mkurugenzi aliandika: "Mhasibu, tunadaiwa?"

Mhasibu akajibu: "Haimo kwenye bajeti. Evarista atoe maelezo."

Nilishika kalamu, nikaandika: "Nimeshalipa mwenyewe, mara tatu."