Waya wa Pampu

Ulimwona Kidawa leo asubuhi, ukageuza shingo. Alikuwa amepiga magoti ndani ya boti ya kuvusha watu aliyoachiwa na marehemu baba yake, akifuata nyaya za redio mmoja mmoja. Spika nne kubwa, na nyaya zimeviringana kama utumbo wa kuku.

Waya mweusi ulikwenda spika ya mbele. Wa kijani, ya nyuma. Mwekundu mnene ulizama chini ya mbao za sakafu. Kidawa akabandua ubao. Waya huo ulikuwa wa pampu ya kutoa maji. Mtu ameukata, akauunga kwenye redio.

"Baba mdogo, nani kafanya hivi?"

Makame, aliyekuwa akiita abiria, hakumtazama. "Marehemu. Betri moja haibebi vyote, mwanangu, na watu wa hapa hupanda boti yenye muziki mkubwa. Unataka tuvushe kunguru?"

"Ile iliyozama mwaka juzi na watu kumi na mmoja nayo ilikuwa na muziki."

"Ile ilikuwa kazi ya Mungu."

"Mungu hakukata waya."

Akaurudisha kwenye pampu. Spika zikanyamaza, maji yakaanza kuruka ubavuni. Abiria wakasonya, wakabeba vikapu vyao, wakahamia boti ya jirani iliyokuwa ikitetemeka kwa ngoma.

Nawe ulikuwa miongoni mwao, umepakata mtoto, na sasa umekaa ndani ya boti hiyo ya ngoma. Inuka sasa hivi. Bandua ubao ulio chini ya miguu yako, utazame.