Alama Iliyofutwa Kwenye Ramani

Meja Radoje alipapasa ramani ya shambulio, akahisi mkwaruzo wa penseli iliyofutwa. Mizinga ya Wafaransa ilikuwa imechorwa pale. Bila mizinga hiyo, Waserbia wake elfu tatu wangepanda mlima na kuchinjwa.

Katika jeshi hili la mataifa matano, Waserbia hawakwenda vitani bila sahihi yake.

"Mizinga imehamia wapi, Kanali?"

"Ipo. Karani alikosea tu," alisema kanali Mfaransa. "Nyie Waserbia mnanusa hata karatasi. Tia sahihi, ndugu yangu."

"Natia. Ila kesho alfajiri tutakaa wote kwenye handaki la mbele, mimi na wewe, tuisikilize ikinguruma."

Kanali akamwomba karani penseli, aichore mizinga upya.